Sumaku ya dunia na ya jua inageukaje? Jaribu mwenyewe kwa sindano, jiko la mkaa na ringi ya baiskeli

Likizo ya mwezi wa sita mpwa wangu wa kidato cha pili alikuja huku Tukuyu kutoka Mbeya mjini, hata begi hajashusha, shikamoo mjomba, alafu hapo hapo, "eti sumaku ya dunia inageuka? Kuna voisi imetumwa kwenye grupu la darasa inasema kaskazini itakua kusini na dunia itapinduka watu waanguke." Nikamwambia marahaba, ingia kwanza upate chai, hilo swali zuri sana na siwezi kulijibu mlangoni, tulijibu kwa mikono. Tukalifanyia kazi siku tano na baridi yetu ile ya mwezi wa sita, na baada ya hapo alikua anaweza kumwelezea mtu mwingine bila kusoma popote. Naandika hapa vile tulivyofanya ili na wewe ufanye na wanao au wanafunzi wako, vitu vyote vinapatikana sokoni au kwa fundi baiskeli.

Andaa: sindano za kushonea tatu, sumaku ya spika iliyokufa, beseni la plastiki (sio la chuma), kipande cha ndala iliyochakaa, rangi ya kucha, plaizi, jiko la mkaa. Kwa ajili ya siku ya tatu utahitaji ringi ya baiskeli ya 28 na ekseli yake ambayo gololi bado nzima, makopo manane ya plastiki ya saizi moja, waya wa kufungia, na mpira wa maji.

Siku ya kwanza: sindano

Chukua sindano, isugue na sumaku ya spika kutoka kwenye tundu kwenda kwenye ncha, mara thelathini hivi, ukifika mwisho unainua mkono unarudi kuanza, usisugue kwenda na kurudi. Kata kipande kidogo cha ndala, laza sindano juu yake, weka katikati ya beseni lenye maji yaliyotulia. Itazunguka polepole alafu itasimama. Ukiwa Tukuyu mjini ni rahisi kuhakiki maana mlima Rungwe uko upande wa kaskazini, kwa hiyo ncha moja itakua inaangalia mlimani. Hiyo ncha ipake rangi ya kucha.

Sasa isugue tena sindano hiyo hiyo lakini kinyume, toka kwenye ncha kwenda kwenye tundu, sumaku uso ule ule, na safari hii fanya mara hamsini au sitini kwa sababu lazima uifute ile ya kwanza. Irudishe majini. Ile ncha yenye rangi inaupa mlima mgongo na inaangalia Kyela, yaani kusini.

Hapa simama kidogo na huyo mtoto. Chuma ni kile kile, uzito ule ule, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, na sindano haina shida yoyote na upande mpya, inafanya kazi vile vile kama mwanzo. Hili ndo jambo lenyewe ambalo nitalirudia mpaka mwisho maana kila kitu kingine kinatoka hapo: chuma hakina upande wake, kinachukua ule kilichopewa.

Alafu washa jiko. Shika sindano kwa plaizi, itie kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu yote, narudia yote, sisi mara ya kwanza tuliunguza nusu tu na ikaendelea kuangalia kaskazini kama kawaida tukabaki tunashangaa. Ikishakua nyekundu ya kung'aa kuanzia tundu mpaka ncha itoe, ipoe mbali na ile spika, irudishe majini. Sasa inakaa popote utakapoiacha, haijui tena mlima uko wapi. Chuma kikipita nyuzi 770 hivi za sentigredi kinapoteza usumaku wake, joto hilo linaitwa kwa jina la Pierre Curie wa Ufaransa.

Hapo ndo unamwambia mtoto afungue kitabu chake aangalie ule mchoro wa dunia yenye sumaku ya mche ndani yake. Kiini cha dunia kina joto la zaidi ya nyuzi 4,000. Sindano yako imeshindwa kwenye jiko la mkaa, huko chini hiyo sumaku ya mche ingeishije? Mchoro ule unasaidia kuonyesha mistari ya uga (uga ni eneo lote ambalo nguvu ya sumaku inafika) inapita wapi, ila unamfanya mtoto aamini kuna kitu kigumu kimelala mle ndani na kwamba kugeuka maana yake hicho kitu kipinduke, na voisi kama ile ya kwenye grupu inaota kwenye udongo huo huo. Hakuna kinachopinduka. Milima, bahari, wewe na nyumba yako mnabaki palepale.

Siku ya pili: dainamo

Sasa kama sio sumaku ya kudumu ni nini? Ni dainamo. Na hapa nina bahati maana nimekulia gereji, kabla sijaanza kufundisha nilikua nashikia mafundi spana pale Mwanjelwa, Mbeya mjini, na kulikua na mzee mmoja fundi umeme wa magari ambaye Land Rover za zamani zote za mashambani zilikua zinaletwa kwake. Zile Land Rover za kale hazikua na alteneta, zilikua na dainamo, na ndani ya dainamo hakuna sumaku ya kudumu kama ile ya taa ya baiskeli. Kuna chuma kimezungushiwa koili. Kile chuma kinabakiwa na usumaku kidogo sana toka mara ya mwisho gari ilipowaka. Injini ikizungusha dainamo, ule usumaku kidogo unazaa umeme kidogo, umeme ule unapita kwenye koili unaongeza usumaku, usumaku ukiongezeka umeme nao unaongezeka, inapanda hivyo hivyo mpaka inafika pale inapotakiwa. Inajilea yenyewe, mradi injini inazunguka.

Shida inakuja gari ikikaa miaka bila kuwashwa au dainamo ikifunguliwa ikarudishwa, ile mbegu ya usumaku inapotea. Inazunguka vizuri kabisa lakini haichaji. Yule mzee alikua anachukua waya kutoka kwenye betri anagusisha kwenye tominali yenye herufi F, sekunde moja mbili, cheche inaruka, basi, imepandwa mbegu. Siku moja akanionyesha kwa makusudi, akaichomoa pembeni akagusisha kwa kugeuza chanya na hasi, akaizungusha, mshale wa mita ukaenda upande wa pili kwa nguvu ile ile. Akaniambia, "kijana, dainamo haichagui, inafuata ulivyoianzisha." Wakati ule nilichukulia ni maneno ya ufundi tu, miaka ilipita ndo nikaja kuelewa kwamba mzee alikua amenipa jibu la swali ambalo watu wameliandikia vitabu.

Maana dunia iko hivyo hivyo. Ukichimba kilomita 2,890 unafika kwenye kiini cha nje, ni chuma kilichoyeyuka kimechanganyika na nikeli, kinaendelea mpaka kilomita 5,150 hivi ambapo kuna tufe gumu la chuma katikati. Kile chuma cha maji kinapoteza joto kwenda juu, na kule chini sehemu yake inaganda polepole kwenye lile tufe na kuacha vitu vyepesi vinavyopanda, kwa hiyo kinachemka chemka na kuzunguka kama uji kwenye sufuria, ila kwa mwendo mdogo mno, kilomita kumi na kitu mpaka ishirini hivi kwa mwaka, konokono anakipita. Mzunguko wa dunia unaipinda mikondo hiyo ikae kama nguzo za kujisokota. Chuma kinapitisha umeme. Chuma kinachotembea ndani ya uga wa sumaku kinazaa mkondo wa umeme, mkondo unazaa uga, uga unalisha mkondo. Ile kazi ya injini ya Land Rover inafanywa na joto la dunia. Mikondo ikisimama leo, uga wote ungefifia ndani ya miaka elfu kumi na kitu, na dunia ina miaka bilioni nne na nusu, kwa hiyo lazima kila wakati unatengenezwa upya.

Ukichukua hesabu za hiyo mashine yote, kila palipo na uga ukaweka uga wa kinyume, hesabu zinakubali vile vile bila kubadilisha mwendo wa chuma hata kidogo. Kaskazini-juu na kusini-juu ni majibu mawili yenye haki sawa. Kwa hiyo swali la kwa nini unageuka mi naona limekaa vibaya kidogo, swali zuri ni kitu gani kinaushusha uga mpaka mbegu ya upande wa pili inapata nafasi ya kukua.

Siku ya tatu: ringi na makopo

Hii ndo siku mtoto hataisahau, na usiipitie haraka.

Funga ringi wima kwenye nguzo mbili au kwenye panda ya mti ili izunguke kama gurudumu la kawaida, ekseli iwe imelala sawasawa, pima kwa jicho au kwa chupa ya maji. Izungushe kwa mkono, iachie, ikiwa inasimama kila mara sehemu moja chini basi upande huo ni mzito, fungia waya upande wa pili mpaka isimame popote. Toboa kila kopo tundu moja chini, katikati, kwa msumari wa inchi tatu uliowashwa moto, matundu yote yawe sawa. Yafunge makopo manane kuzunguka ringi kwa umbali sawa, na muhimu sana yaning'inie kwa mkono wa waya kama ndoo, yaani ringi ikizunguka kopo linabaki limesimama mdomo juu. Ukiyagandisha kwenye ringi yatamwaga maji yakifika chini na hakuna kitakachotokea.

Sasa leta mpira wa maji, sisi huku tuna maji ya mserereko presha haikatiki, funga mdomo wa mpira juu kabisa ili maji yadondoke katikati ya kilele cha ringi. Yakidondokea hata vidole viwili pembeni ringi itapenda upande mmoja siku nzima. Nusu saa yetu nzima iliishia kwenye kurekebisha mpira tu.

Fungua maji kidogo. Kopo la juu linajaa na kuvuja, ringi haiendi popote. Ongeza. Itachagua upande, kulia au kushoto, hakuna anayejua upi, na itazunguka kwa mwendo mmoja bila kubadilika, na ukiisimamisha ukaisukuma kinyume itaendelea na huo mpya vizuri tu. Ongeza tena maji mpaka yawe mengi kweli. Hapo ndo kazi inaanza: inaenda kulia inaongeza kasi, inasitasita, inakaribia kusimama, inaendelea kulia, inasita tena, alafu ghafla inarudi kushoto. Inazunguka kushoto mara nne tano, inarudi kulia mara moja, inarudi tena kushoto. Hakuna mtu ameigusa. Maji ni yale yale, bomba halijaguswa.

Angalia makopo wakati inasita, piga magoti kabisa uangalie. Ringi ikienda kasi, makopo yanapita chini ya bomba haraka yanapata maji kidogo, na yale yaliyojaa zamani hayajapata muda wa kuvuja, yanavushwa chini na kuanza kupandishwa upande wa pili yakiwa bado mazito. Uzito umehamia upande usiotakiwa, unavuta breki. Kasi yake yenyewe ndo imemwandalia adui. Ringi ikipungua nguvu kiasi cha kutosha, tone dogo tu la kuzidi upande huu au ule linaamua ielekee wapi.

Mfano huu aliujenga mwanasayansi Malkus kule chuo cha MIT Marekani miaka ya 1970, ili kuonyesha kwa macho hesabu za mtaalamu wa hali ya hewa Lorenz za mwaka 1963 kuhusu hewa inayopashwa joto. Na kwa upande wa sumaku, Rikitake wa Japani mwaka 1958 alikua ameshaandika hesabu za dainamo mbili zinazolishana, uga wake ukawa unageuka bila mpangilio kama makopo yetu. Kiini cha dunia kina mambo mengi kuliko ringi, ila jambo kubwa ni hilo hilo: pande mbili zenye haki sawa, mashine inayosukumwa kwa nguvu, na mwendo unaojiharibia wenyewe mara moja moja. Mle ndani mikondo ikivurugika, yanatokea mabaka ambayo uga wake uko kinyume na uga mkubwa, mara nyingi mabaka hayo yanafutika, mara chache yanakua na kuungana mpaka uga mkubwa unadhoofika, na unapojijenga upya unaweza kurudi ulivyokua au kuja kinyume. Ule uliorudi ulivyokua ni kama ringi iliyosita ikaendelea kulia. Miaka kama 41,000 iliyopita uga wa dunia ulifanya kitu cha aina hiyo, ukadhoofika sana ukayumba na kugeuka kwa muda mfupi alafu ukarudi, unaitwa tukio la Laschamps kwa sababu ya lava za huko Ufaransa.

Na kuna watu wamelifanya kwa metali kweli iliyoyeyushwa, ila sio chuma, ni sodiamu. Huko Cadarache, Ufaransa, walijaza tangi na sodiamu iliyoyeyushwa wakaweka panga mbili za kuzungusha, kama za feni, zinazoenda kinyume. Panga zikienda spidi sawa uga ulizaliwa ukatulia, walipoziachanisha spidi uga ukaanza kugeuka wenyewe bila ratiba, hiyo ni 2007. Kabla ya hapo, 1995, Glatzmaier na Roberts walikua wameigiza dunia nzima kwenye kompyuta kubwa kwa muda wa miaka karibu 40,000 ya kuigiza, na uga ukageuka bila wao kuuambia ugeuke.

Wakati ringi inazunguka mpe mtoto karatasi ndefu. Kila inapoenda kulia apake wino mweusi, inapoenda kushoto aache nyeupe, sekunde moja ni upana wa kidole au vyovyote mtakavyopanga. Baada ya dakika ishirini atakua na mkanda wa mistari myeusi na myeupe, mingine minene mingine myembamba kama uzi, kama ile misimbo ya bei nyuma ya pakiti. Usiitupe.

Mkanda wa dunia yenyewe

Dunia nayo imejipaka mkanda, kwenye mawe. Lava ikipoa ikashuka chini ya nyuzi 580 hivi, vipunje vya magnetaiti (madini yenye chuma) ndani yake vinashika uelekeo wa uga wa siku hiyo na vinabaki hivyo, ni ile sindano yetu ikienda kinyume, toka motoni kwenda kwenye kumbukumbu. Mwaka 1906 Bernard Brunhes huko Ufaransa alikuta udongo uliochomwa na lava ukiwa na sumaku ya kinyume na ya leo. Mwaka 1929 Motonori Matuyama wa Japani akaonyesha kwamba mawe ya kinyume yana umri wake, sio ajali. Ndio maana kipindi tulichomo kinaitwa Brunhes na kile cha kinyume kabla yake kinaitwa Matuyama, na mpaka kati yao uko miaka kama 780,000 iliyopita, huko ndo mara ya mwisho uga uligeuka moja kwa moja.

Na ndani ya kile kipindi cheupe cha Matuyama (nyeusi ni uga kama wa leo, nyeupe ni wa kinyume) kuna mstari mmoja mweusi, toka miaka milioni 1.95 mpaka milioni 1.77 hivi iliyopita, ambao dunia nzima wanauita Olduvai. Ndio, bonde letu la Olduvai, lava za pale ndo zilizoupa jina. Mwanajiolojia wa China au wa Brazili akichimba matope ya baharini akafika kwenye mstari huo anataja jina la Tanzania. Mpwa wangu hapo alinyamaza kabisa, alafu akaniomba nirudie miaka.

Sisi watu wa Rungwe tumekalia mkanda huo huo. Volkano za huku zimemwaga lava kwa miaka milioni kadhaa, na Kyejo imemwaga ya mwisho kama miaka 200 tu iliyopita. Ukienda Daraja la Mungu pale mto Kiwira, lile daraja ni lava, sogeza simu yenye app ya kupima sumaku kwenye jiwe, kawaida huku kwetu inasoma maikrotesla 30 na kitu, ukikaribia mawe mengine namba inaruka. Ila usiokote jiwe la njiani ukasema hili liko kinyume, jiwe likishabingirika limepoteza ushahidi, wanaopima wanachora alama ya kaskazini juu ya mwamba ukiwa bado palepale ulipopoa ndo wanakata sampuli. Hata tanuru la matofali ya kuchoma lina kumbukumbu hiyo, tofali linapopoa linashika uga wa mwaka huo, na watafiti wa mambo ya kale wanatumia matanuru ya zamani namna hiyo.

Ukiunyoosha mkanda wa dunia unaona haufuati saa. Miaka milioni michache ya karibuni uligeuka mara nne au tano kila miaka milioni, lakini enzi za dinosaria kuna kipindi cha miaka kama milioni 37, kuanzia milioni 121 hivi iliyopita, haukugeuka kabisa. Weka ule mkanda wa ringi kando yake. Huwezi kusema baada ya mstari mwembamba unakuja mnene.

Siku ya nne: jua, ambalo lina ratiba

Jua liko tofauti, linageuka karibu kila miaka 11, kwa hiyo inachukua kama miaka 22 kurudi lilivyoanza. Kuelewa hili tafuta blanketi na mtu wa pili. Lishikeni kama mnataka kulikamua, kila mtu anasokota upande wake. Likizidi kusokotwa linakaza, alafu linatoa vifundo vinavyochomoza nje. Jua sio kitu kigumu, katikati yake kwenye ikweta linazunguka kwa siku 25 hivi na karibu na ncha zake ni kama siku 35, na gesi yake ina umeme kwa hiyo mistari ya uga imenasa humo. Mistari iliyokua imenyooka toka ncha hadi ncha inavutwa katikati, inazungushwa, inasokotwa, inakaza, alafu vifundo vinachomoza juu ya uso wa jua. Pale kifundo kinapotoka na pale kinaporudi ndo yale madoa meusi, yanakuja mawili mawili, moja lina usumaku wa kaskazini na mwenzake wa kusini. George Hale ndo alipima usumaku wake mwaka 1908.

Sasa ujanja uko hapa. Yale madoa mawili hayakai sambamba na ikweta, yameinama kidogo, la nyuma (kwa jinsi jua linavyozunguka) liko karibu zaidi na ncha ya jua, na hilo la nyuma lina usumaku wa kinyume na ncha hiyo. Madoa yakichoka yakasambaratika, mabaki ya yale ya nyuma yanasukumwa polepole kuelekea kwenye ncha, yale ya mbele yanakutana na wenzao wa upande wa pili wa ikweta wanafutana. Kwenye ncha, mabaki yanaanza kufuta uga wa zamani, yakiisha kuufuta yanaanza kujenga mpya, wa kinyume. Alafu huo mpya nao unasokotwa. Kwa hiyo jua linajitengenezea mbegu ya kinyume kila mzunguko, ni sehemu ya kazi yake ya kawaida, wakati dunia inatulia upande mmoja mpaka vurugu ifike kiwango. Mi naona tofauti hii ndo watu wengi wanaikosa, wanasikia jua limegeuka 2024 wanadhani na dunia zamu yake imefika.

Ukitaka kuliona jua fanya hivi, na USILIANGALIE KWA MACHO, wala kwa darubini, wala kwa miwani ya giza, jicho likiungua halirudi. Kama bati lenu lina tundu la msumari, ile duara ya mwanga inayodondoka sakafuni ni picha ya jua lenyewe, weka karatasi nyeupe, tundu likiwa mita tatu juu picha inakua na upana wa sentimita tatu pungufu kidogo. Madoa makubwa sana tu ndo yanaonekana hapo. Bora zaidi ni darubini ya macho mawili, ziba upande mmoja, igeuzie juani huku wewe umeliupa mgongo na kuangalia karatasi tu, picha inakua kubwa na madoa yanaonekana. Jioni za kiangazi anga ikiwa safi yanahesabika.

Nyota nyingine nazo zimeonekana zikigeuka, Tau Boötis ilikua ya kwanza baada ya jua letu, na 61 Cygni A ambayo mzunguko wake ni kama miaka saba. Sayari ya Mars nayo ilikua na dainamo ikafa zamani, imebaki na mawe yenye sumaku tu, kama Land Rover iliyoegeshwa.

Siku ya tano: ile voisi

Tukaisikiliza tena pamoja. Ni kweli uga umepungua kama asilimia tisa tangu vipimo vilipoanza miaka ya 1840, na chini ya kusini mwa Afrika na bahari ya Atlantiki kuna mabaka ya uga wa kinyume yanayokua, setilaiti zikipita juu ya huko zinapata shida ya mnururisho, yaani mionzi. Lakini bado una nguvu kuliko wastani wake wa muda mrefu, na kugeuka kunachukua maelfu ya miaka, hakuna mtu atakayelala dira inaangalia Rungwe akaamka inaangalia Kyela. Katikati ya mageuzi ncha za sumaku zinaweza kua nyingi, kinga yetu dhidi ya chembe za jua inapungua, gridi za umeme na setilaiti zitahitaji ulinzi zaidi, hilo ni la kujiandaa nalo kweli. Watu wa kale walipitia mageuzi ya mwisho, na binadamu kama sisi walipitia Laschamps, na mawe hayaonyeshi viumbe wakifa kwa wingi kila uga ulipogeuka.

Mpwa wangu akarekodi voisi yake mwenyewe, dakika mbili, akaanza na sindano. Kwenye grupu mtu akamuuliza sasa mwaka gani utageuka, akaniangalia, nikamwonyesha ringi ilikua bado inazunguka uani, maji hatujafunga. Akaenda akasimama mbele yake na kalamu yake nyeusi, akasema "subiri mjomba, hii inaenda kurudi kushoto sasa hivi." Ikasita, ikasita, ikaendelea kulia.